Niliinua mkono mara tatu

Nilikwenda kliniki ya meno kusafishwa meno, na kabla sijafungua mdomo niliahidiwa: njia ya kisasa, haiumizi, na ukisikia maumivu inua mkono wa kushoto, tunaacha papo hapo. Niliinua mkono mara tatu. Hakuna aliyeacha.

Nitende haki kwanza, maana haikuwa mara yangu ya kwanza pale. Miezi kadhaa nyuma alinihudumia dada mmoja mwenye sauti ya chini, na nilitoka nikiwa nimeduwaa kwa furaha. Alinipaka rangi kwenye meno yote, akanipa kioo. Utando, yaani ule uchafu laini wa bakteria unaong'ang'ania meno, ukiwa mpya ulikuwa umegeuka pinki, ule uliokaa siku nyingi zambarau. Mimi napiga mswaki asubuhi na usiku, sikosi, lakini kule nyuma kwenye magego, pembezoni mwa fizi, palikuwa zambarau tupu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, hapa mswaki wako haufiki," akanionyesha namna ya kuulaza.

Kisha akapuliza maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na unga wa erithrito, aina ya kiongeza utamu. Alinieleza kuwa punje zake ni kama maikroni 14, yaani sehemu 14 za elfu za milimita, ndogo kuliko za ule unga wa magadi wa zamani, ndiyo maana hazikwaruzi mzizi wala fizi. Mashine ya mtetemo aliigusisha mahali pamoja tu, nyuma ya meno ya mbele ya chini, palipokuwa na ugaga, yaani utando uliogeuka mgumu. Pale vifereji vya mate vinafungukia karibu, na madini ya mate huugandisha utando ukawa kama jiwe. Ukishaganda, mswaki hauutoi, na unga huo nao hauuwezi. Mimi ambaye tangu utotoni nikisikia neno "kukwangua" mwili unanisisimka, siku ile nilikaribia kusinzia kitini. Nilimsimulia kila mtu.

Basi nikarudi. Safari hii akaingia daktari mwingine. Nikamuuliza kuhusu rangi, akasema inachelewesha. Hapo ningeshuka kitini. Rangi ndiyo inayoonyesha utando uko wapi na wapi hakuna kitu cha kugusa. Bila rangi alianza moja kwa moja na ncha ya mashine ya mtetemo, jino kwa jino, hata pasipokuwa na ugaga. Na maji yalikuwa yakitoka kidogo mno. Ile ncha hutetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde na inatoa joto; maji yale yanaipoza, hayapo kwa ajili ya kusuuza tu. Nililisikia joto lenyewe kwenye jino.

Nina jino moja chini kushoto ambalo fizi imerudi nyuma, mzizi uko wazi. Nilimwambia kabla hajaanza. Alitikisa kichwa kwamba amesikia. Alipofika pale nikainua mkono. "Bado kidogo." Nikainua tena, akaushusha kwa kiwiko, macho hayatoki kwenye jino. Mara ya tatu ndipo akasema, "Mama, ungekuwa unapiga mswaki vizuri nyumbani, leo usingeumia."

Nina bomba la kufyonza mate mdomoni, maji kooni, machozi yananitiririka hadi masikioni, na mtu ananisomea makosa yangu. Ningemjibu vipi? Na alichosema si kweli. Mzizi ulio wazi hauna ganda gumu la kuukinga, unaweza kuuma hata ukiguswa na maji baridi, uwe msafi kuliko watu wote. Aliyataka maumivu yawe kosa langu ili asilazimike kusimama. Kuna watu wanakaa miaka bila kwenda kwa daktari wa meno kwa kuogopa sentensi kama hiyo, si mashine peke yake.

Meno yametakata, sikatai. Ulimi unateleza, damu ilikoma siku ya pili. Na ninajua ugaga ukijificha chini ya fizi, hata mkono mwepesi unaweza kuuma kidogo. Lakini ganzi ipo kwa ajili hiyo, na sikuulizwa kama naitaka.

Kwa hiyo nilikusudia kuandika hivi: nendeni, ila mwombeni yule dada. Njia yenyewe ni nzuri, bado naisifu. Kabla ya kuketi ulizeni: mtanipaka rangi? Mtaanza na unga au na ncha? Mkisikia jibu la kukwepa, chukueni mkoba wenu.

Ila sasa ninavyoandika nakumbuka ni nani alikuwa ameshika lile bomba la kufyonza. Ni yeye, yule dada. Alikuwa amesimama upande wangu wa kushoto, upande wa mkono ule ule. Aliuona mara zote tatu. Mara ya pili macho yetu yalikutana, akainamisha uso. Labda hana sauti mbele ya mkubwa wake, na sitaki kumwonea. Lakini mkono ulikuwa wangu, na ahadi ya mkono ule niliisikia kutoka kinywani mwake, ziara ya kwanza.

Nilikuwa nimeweka nyota tatu. Nimezipunguza ikabaki moja. Juzi walinipigia kunikumbusha miadi ijayo, nikaitambua sauti yake ya chini. Nilimwambia sitakuja, na sababu anaijua.