Kiti cha pili: rali na saketi

Kwenye rali, kiti cha pili si cha abiria. Ni ofisi ya navigeta, anayemsomea dereva kona kabla hazijafika. Ndiyo maana kinabanwa na sheria kama cha dereva. Kiti cha kiwango cha 8855-1999 cha FIA (shirikisho la kimataifa la magari) huruhusiwa miaka 5 tu tangu kitengenezwe, hata kama hakijakaliwa na mtu. Mfuko unaumia!

Mbio za klabu za saketi (njia ya mbio iliyofungwa), mfano za SCCA, klabu ya michezo ya magari kule Marekani, dereva huwa peke yake, hivyo kiti hung'olewa na gari likapungua uzito. Ila SCCA hiyohiyo, kwenye Solo (gari moja moja kati ya koni, dhidi ya saa) daraja la Street, la magari ya kawaida ya barabarani, haitaki uking'oe.

Kwa gari la saketi pekee, mimi ningeng'oa.