Kava la tabaka tano kwa Peugeot 504 inayolala nje: uzoefu wangu wa miezi 14, Njiro, Arusha

Gari ni Peugeot 504 saluni. Inalala uani Njiro bila banda, na hutoka kama mara mbili kwa mwezi. Kava ni la kijivu: nje kitambaa cha polipropilini kisichofumwa, ndani manyoya mafupi laini, pindo lote lina lastiki, na kuna mkanda mmoja wa kupita chini ya tumbo la gari. Nililipa shilingi 160,000. Kabla yake gari lilivaa lile la nailoni la rangi ya fedha ambalo kila mtu analo, la shilingi 45,000. Nitakayosema ni tofauti ya hayo mawili juu ya bodi moja, kwenye uwanja mmoja.

Wauzaji watakuonyesha kava kwa kulimwagia maji. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, maana mvua siyo inayokula gari. Maji ya mvua huteremka na kwenda zake. Kutu huletwa na unyevu uliokaa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai bati la gari hupoa haraka kuliko hewa inayolizunguka, basi mvuke ulio hewani hugeuka matone juu yake. Gari lililo wazi hukauka jua likitoka. Lililofunikwa nailoni halikauki: matone yanabaki kati ya rangi na kava, mchana yanakuwa mvuke wa moto, usiku yanarudi kuwa maji, na mzunguko unaendelea wiki nzima. Matokeo yake ni vipele vidogo kwenye boneti na juu ya paa, kama vya joto shingoni mwa mtoto. Ukikitumbua kimoja kwa ukucha, chini yake kuna kutu ya rangi ya chai. Hapo hakuna polishi itakayosaidia. Ni kukwangua na kupiga rangi upya.

Kipimo ninachokitumia hakina gharama. Jioni, gari likiwa kavu na injini baridi, tandaza vipande vinne vya tishu za jikoni: boneti, paa, buti, na juu ya wingi ya mbele (bati lililo juu ya gurudumu). Funika. Saa kumi na mbili asubuhi funua taratibu uvishike. Chini ya nailoni, mwezi Julai, vyote vinne vilikuwa vimegandana na rangi, vimelowa kama andazi lililochovywa kwenye chai. Chini ya kava la tabaka tano, vitatu vilikuwa vikavu kabisa. Cha kwenye paa kilikuwa na unyevu upande mmoja tu, pale mshono wa katikati unapopita.

Mshono huo ndio udhaifu wa kwanza. Mvua ya masika ikipiga siku tatu mfululizo, maji hupenya kwenye matundu ya sindano, na utakuta mstari wa unyevu juu ya paa kuanzia kioo cha mbele hadi cha nyuma. Mvua ikikata na jua likiwaka nusu siku, unakauka wenyewe. Kwa hiyo yale maandishi ya "halipitishi maji asilimia 100" kwenye mfuko yapuuze, na ushukuru kwamba si kweli. Kava la bei hii lisiloingiza maji kabisa halitoi mvuke pia.

Jua ni habari nyingine. Kila unapopanda mita 1,000, miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, ndiyo maana rangi nyekundu hapa Arusha hupauka mapema na dashibodi hupasuka hata kama hewa ni baridi. Kazi hiyo kava linaifanya vizuri: raba za milango bado laini, na plastiki ya dashibodi haijaongeza ufa. Ila linaumia lenyewe. Mwezi wa kumi na mbili wa matumizi upande wa paa na boneti ulianza kutoa unga wa kijivu ukiupitishia kidole. Nakadiria miezi mingine sita hadi minane, kisha litaanza kuchanika. Anayekuuzia kwa ahadi ya miaka mitano labda anazungumzia gari lililo ndani ya gereji.

Sasa vumbi, ambalo kwangu ndilo linalogawanya wenye kava katika makundi mawili: wanaolinda rangi na wanaoisugua. Vumbi la huku limechanganyika na majivu ya kale ya volkano, na punje zake zina makali. Ukilifunika gari lenye vumbi, upepo wa mchana unalichezesha kava juu ya punje hizo, nawe umewasha mashine ya msasa. Mikwaruzo huanza kuonekana kwenye kingo za boneti na juu ya taa za nyuma. Kwa hiyo gari halifunikwi mpaka lioshwe: maji mengi kwanza bila kugusa, kisha ndoo mbili, moja ya sabuni ya magari na moja ya kusuuzia kitambaa, ukianzia paa na kumalizia chini. Sabuni ya unga ya kufulia hapana, inaondoa waksi. Kausha kwa taulo la maikrofaiba, fungua milango, boneti na buti kwa nusu saa ili maji yaliyojificha kwenye raba yatoke. Injini nayo isubiri ipoe, saa moja walau, vinginevyo joto lake linavuta mvuke chini ya kava na ekzosi inaweza kuyeyusha pindo.

Kama huna subira hiyo kila unapoegesha, usinunue kava. Nasema kwa dhati. Gari la kila siku liache wazi, lipake waksi kila baada ya miezi mitatu, basi.

Kuhusu kufunua: watu wengi huvuta kava kutoka upande mmoja na kuliburuza hadi chini. Uso wa nje umejaa vumbi na sasa unalizungusha kwenye rangi. Kunja ubavu wa kulia juu ya paa, kisha wa kushoto, halafu zungusha kama jamvi kutoka nyuma kwenda mbele, uso wa nje ukijifunga ndani kwa ndani. Kulivika ni kinyume chake. Andika MBELE kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa pindo, vinginevyo siku ya upepo utalivika kinyume na kulitoa mara mbili.

Saizi. 504 saluni ina urefu wa karibu mita 4.49 na upana wa mita 1.69. Herufi za L na XL hazina maana moja kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo uliza sentimita. La kwangu lina mita 4.7, na limebana kupita kiasi kwenye bampa. Bampa za chuma za 504 zina pembe mbili zinazojitokeza mbele, na hizo zilitoboa kava mwezi wa nane wa matumizi, tundu la ukubwa wa sarafu kila upande. Vioo vya pembeni navyo vinafuata. Dawa ni kushonea viraka kwa ndani kabla ya siku ya kwanza: vipande vya blanketi kuukuu, tabaka mbili, sentimita 15 kwa 15. Usitumie mpira wa tairi la baiskeli, maana mpira mweusi ukigusana na rangi kwenye jua huacha doa la njano lisilotoka.

Kifungo cha plastiki cha mkanda wa chini nilikikata siku ya pili. Ukikirusha upande wa pili wa gari kinagonga mlango. Weka utepe wa pamba na ufunge fundo. Lastiki ya pindo ilianza kulegea mwezi wa kumi wa matumizi, upande unaopigwa na jua la mchana. Fundi cherehani alibadilisha mita nne kwa bei isiyouma.

Miti nayo. Arusha tunaegesha chini ya mti kwa ajili ya kivuli, kisha tunalia. Mijakaranda ikichanua, kuanzia Oktoba, maua yake huoza juu ya kitu chochote na kuacha maji ya kahawia. Kava lilipata madoa, rangi ya gari haikupata, na hiyo ni alama nzuri kwake. Kinyesi cha ndege vivyo hivyo: kina tindikali, na kwenye rangi yenye joto hutoboa kung'aa kwake ndani ya saa chache. Kikishaangukia gari, loweka kwa kitambaa chenye maji dakika kumi kisha nyanyua, usisugue. Lakini kwa mparachichi hakuna kava litakalokuokoa. Tunda la robo kilo likianguka kutoka mita tano, bati linabonyea na kava linabaki zima juu yake.

Kinachofanyika chini ya gari kina uzito sawa na cha juu, na hapa kava lenyewe halina msaada. Linaweza hata kuongeza tatizo kwa kufungia mvuke wa ardhi. Majani ndiyo pabaya kuliko pote, udongo mtupu unafuata. Nimetandaza nailoni nzito ya ujenzi, ile inayowekwa chini ya sakafu, mita 3 kwa 6, juu yake kokoto kiasi cha sentimita tano. Tofauti inaonekana kwenye kipimo cha tishu ukiweka kipande kimoja juu ya zulia la ndani ya gari. Kwa mwenye 504 ya dirisha la juu: mabomba membamba yanayoteremsha maji kutoka kwenye fremu ya dirisha huziba kwa vumbi na majani, maji yakakaa ndani ya kingo za chini za milango, na kingo zikaoza kutoka ndani huku nje kunang'aa. Pitisha waya wa breki ya baiskeli taratibu, kisha kikombe cha maji, uone kama yanatoka chini.

Handibreki usiivute kwa gari linalolala zaidi ya wiki. Pedi hugandana na chuma, na kwenye unyevu wa Julai hazichelewi. Weka gia ya kwanza na kabari za mbao mbele na nyuma ya tairi mbili. Upepo wa tairi uongeze hadi 40 psi linapolala, na urudishe kipimo chake cha kawaida kabla ya kutoka. Kila wiki mbili lisukume robo mzunguko ili tairi lisikalie sehemu moja. Ukiwa hapo soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la gari linalotembea kidogo huzeeka kabla ya kuisha kashata (meno yake), na macho hayawezi kukuambia.

Betri ikiwa imejaa na kutulia husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikifika 12.4 ichaji, usisubiri 12.0, kwani salfa inaganda kwenye sahani na uwezo haurudi. Alamu au kifaa cha kufuatilia gari kinachokula miliampia 50 kinamaliza saa-ampia 1.2 kwa siku. Betri ya saa-ampia 45 itakuwa nusu ndani ya siku 19. Kwa hiyo chomoa waya hasi kwa spana namba 10, hasi peke yake. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ni cheche na pengine spana kuyeyuka. Kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho.

Ile tabia ya kuwasha gari dakika tano kila asubuhi "lipate moto" iacheni. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na ekzosi isiyopata moto wa kutosha huyahifadhi hadi ioze. Afadhali litoke mara moja kwa wiki mbili, hadi mji wa Usa River na kurudi, oili ichemke kweli. Na tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipohamishiwa kwenye mafuta mwaka 2017, gari lililolala halina deni hilo, ila bima iwe hai siku linapogusa barabara.

Panya ni hasara nyingine iliyoletwa na kava. Giza, joto, hakuna anayepita: wamepewa nyumba. Wanapenda waya za plagi na sponji ya viti. Wavu wa chuma wa matundu madogo kwenye mdomo wa ekzosi na wa kichujio cha hewa unawazuia, pamoja na manyigu wanaojenga humo. Funga utepe mwekundu kutoka kwenye wavu hadi kwenye usukani ili usiwashe gari bila kuutoa. Naftalini haifukuzi panya, inafukuza abiria.

Mtu wa Moshi, ambako ni chini zaidi na kuna joto zaidi, atasumbuliwa kidogo na umande na zaidi na vumbi; kwake ningesema nguzo nne, bati na pande wazi, halafu shuka la pamba juu ya gari. Hata hapa Arusha banda la namna hiyo linalishinda kava lolote, na ukigawa gharama yake kwa miaka kumi si ghali.

Kulifua: bomba la maji na brashi laini, likiwa limetandazwa kwenye sakafu safi, bila sabuni ya unga na bila mashine, kisha kamba mbili ili lisijikunje. Inachukua siku nzima kukauka, kwa hiyo chagua Januari au Februari.

Hili likiisha nitanunua lingine la aina hiyo hiyo, la mita 4.9 safari hii, na litapitia kwa fundi cherehani kabla ya kufika kwenye gari.