Ukungu wa Tyrus Wong: maonyesho ya mchoraji wa filamu za katuni mjini San Francisco

Mchoro ulionisimamisha kwa muda mrefu kuliko yote katika maonyesho haya ni mdogo kiasi kwamba viganja viwili vingetosha kuufunika. Ni mchoro wa msitu, lakini ukiutafuta msitu wenyewe utaona mashina machache tu ya miti, yaliyopakwa rangi ya kijivu inayofifia kadiri yanavyopanda juu, na upande wa chini miguso miwili mitatu ya kahawia ambayo jicho linaitambua papo hapo kuwa ni kulungu aliyesimama kusikiliza. Majani hayakuchorwa, wala nyasi. Ule ukungu wa alfajiri uliotanda katikati ya miti ni karatasi tupu, ambayo mchoraji aliamua kutoigusa.

Mchoraji huyo ni Tyrus Wong, na kazi zake zaidi ya 150 zilipangwa katika Jumba la Makumbusho la Familia ya Walt Disney, lililomo ndani ya iliyokuwa kambi ya jeshi ya Presidio. Maonyesho, yaliyopewa jina la Water to Paper, Paint to Sky, yalifunguliwa Agosti 2013 na yakaendelea hadi mwanzoni mwa Februari 2014. Mwenyewe alikuwa hai wakati huo, alitimiza miaka 103 mwezi Oktoba 2013, na lilikuwa jambo la kufurahisha kuona msanii anaenziwa angali anaweza kuyasikia yanayosemwa juu yake.

Wong aliingia katika studio ya Disney mwaka 1938 na kupewa kazi ya chini kabisa, ya kuchora picha za katikati zinazounganisha mkao mmoja wa mhusika na mwingine, kazi inayochosha macho na isiyompa mtu nafasi ya kubuni chochote. Wakati huo studio ilikuwa ikihangaika na filamu ya Bambi, hadithi ya kulungu mdogo wa msituni, kwa sababu wachoraji walikuwa wakiujaza msitu kila jani na kila tawi, hata wanyama wenyewe wakawa wanapotea ndani yake. Wong, aliyekuwa akiwapenda wachoraji wa mandhari wa enzi ya Song huko China, alichora michoro yake ya rangi za maji na chaki, akaionyesha kwa wakubwa, na kuanzia hapo sura ya filamu nzima ikafuata mkono wake. Anayesimama mbele ya michoro hii, akiwa ameiona filamu yenyewe iliyotoka mwaka 1942, ataelewa bila kuelezwa kazi ya mchoraji wa michoro ya awali ni nini: ni kuamua mwanga utatoka wapi, hofu itakuwa na rangi gani na nini kisionekane, kabla mtu mwingine hajachora hata mguu mmoja wa kulungu.

Jina la maonyesho limetokana na utoto wake. Baba yake, aliyekuwa hana uwezo wa kununua wino na karatasi, alimfundisha mwandiko wa Kichina kwa kuchovya brashi katika maji na kuandika juu ya magazeti, herufi zikionekana kitambo kisha zikikauka na kutoweka. Nimerudi kwenye ule mchoro wa kulungu baada ya kusoma habari hiyo, na nikauona upya.

Sehemu ya maonyesho inayoeleza maisha yake ndiyo iliyonigusa zaidi, labda kwa kuwa nami ninaishi ugenini. Aliletwa Marekani na baba yake akiwa mtoto wa miaka kama 10, kwa karatasi zenye jina lisilo lake, kwa sababu sheria ya mwaka 1882 ilikuwa imewafungia mlango Wachina, na akazuiliwa peke yake kwa wiki kadhaa katika kisiwa cha Angel Island, akihojiwa na maofisa. Kisiwa hicho kimo katika ghuba hii hii ambayo jumba la makumbusho limesimama kandokando yake. Mtoto aliyeshikiliwa pale ndiye aliyekuja kupewa kumbi hapa. Hata hivyo, mwaka 1941, baada ya mgomo wa wafanyakazi wa studio, aliachishwa kazi, na filamu ilipotoka jina lake liliwekwa tu miongoni mwa wachoraji wa mandhari ya nyuma. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa dhuluma, na kuiona michoro yenyewe ikiwa imetundikwa ukutani kunaithibitisha kuliko maelezo yoyote.

Miaka yake mingi katika studio ya Warner Bros. na kadi zake za Krismasi nilizipitia kwa haraka zaidi. Kadi ni nzuri, lakini ukishatoka kwenye ule msitu zinaonekana tamu mno.

Kisha kuna vishada. Alipostaafu mwaka 1968 aliingia katika ufundi wa kuunda vishada kwa mianzi na henzirani, akivirusha ufukweni Santa Monica: mbayuwayu, vipepeo, na tandu mrefu aliyeungwa kwa visahani vingi vilivyofuatana. Sisi tuliokulia pwani, tuliotengeneza vishada vyetu kwa magazeti na chelewa za mnazi, tunajua ilivyo shida kukifanya kimoja tu kisipinde upande, kwa hiyo nilimkagua tandu huyo kwa makini. Kila fundo limefungwa kwa mkono, kwa nafasi zinazolingana, na kila kisahani kina miguu yake miwili myembamba inayokipa uzani. Aliyekwenda na watoto ilimfaa aanzie hapa, awaache wainue macho kwanza, ndipo awapeleke polepole kwenye ile michoro midogo ya ukungu.