Nyumba za kiwandani Texas, tumezunguka yadi mbili

Jamani mnaotafuta hizi nyumba zinazojengwa kiwandani na kuvutwa na lori, msidanganyike na jiko. Jumamosi mimi na wife tumezunguka yadi mbili zinakouzwa. Ya kwanza bei chee, kaunta zinang'aa, ila nikagonga ukuta nikasikia kama debe tupu, vibao vyembamba vimefunikwa vainili na vile vijiti vya kuficha maungio, halafu sakafu ya bafuni ni mbao za unga zilizogandishwa, hiyo ikinywa maji inavimba kama andazi. Ya pili imechangamka bei kweli, ila jipsam imezibwa vizuri, nguzo za ukuta wa nje ni mbao za inchi 2x6, pana zaidi, sio 2x4, na muuzaji mwenyewe akasema ingieni uvunguni mchungulie. Kibandiko chekundu cha HUD, ile wizara ya nyumba ya Marekani, zote zinacho, sheria ya tangu 1976 hiyo, asikutambie nacho mtu. Someni karatasi ya ndani, mara nyingi iko kabatini, inaonyesha kanda ya upepo, yaani nyumba imejengwa kuhimili upepo wa kiasi gani, namba ikipanda ndivyo inavyohimili zaidi. Kiwanja chetu kiko Galveston, pwani ya Texas, kanda ya 2, na ile ya bei chee ilikuwa ya 1, nikamwambia wife twende zetu.