Nilimfuata Korongo-Nyangumi Hadi Mabamba, Mwongozaji Akamfukuza

Sijawahi kuandika maoni kuhusu kampuni yoyote ya utalii, lakini tangu nirejee Nairobi kutoka Uganda miezi michache iliyopita, kila nikiikumbuka asubuhi ile ya Mabamba hasira hunipanda upya.

Nilikwenda kwa ajili ya ndege mmoja tu: korongo-nyangumi, yule mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye kwetu Kenya huonekana kwa nadra mno. Kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kimo tangu 2006 katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mtu akilipa kupelekwa huko hutarajia kwamba anayempeleka anajua jinsi ya kumwendea ndege huyo. Mwongozaji wetu hakujua, au alijua na hakujali.

Korongo-nyangumi huwinda kwa kusimama. Windo lake kubwa ni kamongo, samaki ambaye hana budi kupanda juu kuvuta hewa, na ndege huweza kukaa muda mrefu bila kutikisika akiingojea pumzi hiyo moja. Sisi tulizunguka karibu saa mbili katika vijia vya maji kati ya mafunjo, injini ikinguruma na mwongozaji akipiga soga kwenye simu. Nilipomwomba kwa adabu injini izimwe tusukumwe kwa upondo, alinijibu bila hata kunitazama: "Mama, kama una haraka ya kumwona, wamo kwenye bustani ya wanyama Entebbe." Haraka! Mimi niliyeomba tutulie ndiye niliyeambiwa nina haraka.

Aliyemwona ndege si yeye. Alikuwa mzee mwenye mtumbwi, mvuvi wa hapo hapo, aliyenyoosha kidole na kunong'ona "Bulwe", jina lake kwa Kiganda. Ndege alisimama umbali wa hatua kama thelathini, kichwa ameinamisha, macho majini. Mzee akanyamazisha injini. Mwongozaji akaamuru iwashwe tena tusogee, kwa kuwa abiria wawili walitaka picha ya karibu. Ndege akafungua mabawa yale mapana, akaondoka na njaa yake. Sikumtazama hata dakika moja.

Mzee, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amenisimulia kwamba zamani wavuvi waliwaua ndege hawa kwa kuamini kuwa kukutana nao ni nuksi ya kukosa samaki, ndiye pekee aliyeomba radhi: "Nsonyiwa, nnyabo." Nilishindwa kumjibu.

Nilikusudia kuwaambia msiende na kampuni hiyo kabisa. Hata hivyo, wageni wake ndio wanaompa mzee yule riziki, na riziki hiyo ndiyo inayowafanya wavuvi wamlinde ndege waliyekuwa wakimuua. Kwa hiyo nilifikiri niseme nendeni nao, ila mkubaliane kuhusu injini kabla ya kulipa. Lakini hapana. Nikiyakumbuka mabawa yale juu ya mafunjo, siwezi kumshauri mtu ampe mwongozaji yule hata shilingi moja. Anayetaka kumwona korongo-nyangumi afike mwenyewe mwaloni Mabamba alfajiri, aulize mvuvi anayekubali kutumia upondo, na malipo yote ayaweke mkononi mwake.