Semina ya ukombozi ya siku tatu: niliyoyaona nikiwa na mdogo wangu mwenye kifafa

Nimekaa miezi mitano kabla ya kuandika haya, nikisubiri hasira ipoe. Ilikuwa semina ya kufungua watu wenye mapepo. Sitaitaja huduma yenyewe wala mtumishi aliyeiongoza. Ninachotaka ni kumweleza mtu mwenye mgonjwa nyumbani, aliyealikwa na jirani kama mimi nilivyoalikwa, kitu gani atakikuta chini ya lile turubai, na kipi kati ya hayo kimo kwenye Biblia.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Morogoro mjini, lakini kwetu ni Mahenge. Mdogo wangu ana miaka 24 na kifafa kilimwanza akiwa na miaka saba. Ukimsalimia utaona mkono wake wa kushoto: kidole kidogo na cha pete vimeshikamana, ngozi ya juu inang'aa kama nailoni iliyopitiwa na pasi ya moto. Aliangukia mafiga, mama akiwa ametoka kuchota maji, na watoto waliokuwepo walikimbia badala ya kumvuta, kwa sababu walishaambiwa kwamba ukiguswa na mate ya mwenye kifafa nawe utaanguka. Kwetu makovu ya namna hii ni mengi. Ndiyo maana Mathayo 17:15 sijawahi kuisoma kama hadithi ya mbali, pale baba anapomlilia Yesu kwamba mwanawe ana kifafa na "mara nyingi huanguka motoni, na mara nyingi majini". Yule baba anasema habari za nyumbani kwetu.

Semina ilikuwa Ijumaa hadi Jumapili. Kiingilio hakuna. Siku ya kwanza naisifu kwa moyo wote. Viti vilitosha, vyombo vilisikika vizuri bila kupasua masikio, wahudumu walitupokea kwa adabu na kumpa mdogo wangu kiti cha pembeni nilipowaeleza hali yake. Mwalimu wa siku hiyo, mzee mmoja mpole, alifundisha Marko 5 karibu saa mbili: yule mtu wa makaburini, aliyejikatakata kwa mawe, ambaye minyororo haikumweza. "Jina langu ni Legioni, kwa kuwa tu wengi." Nguruwe wapata elfu mbili wakateremka gengeni na kufia baharini. Mzee akasimama kwenye mstari wa 15, ambao mimi nilikuwa naupita haraka kila ninaposoma: watu wakamkuta "ameketi, amevaa nguo, ana akili zake". Akasema hiyo ndiyo alama ya kufunguliwa: mtu ametulia, amesitiriwa, anaongea na wenzake. Nilimtazama mdogo wangu, naye alikuwa anaandika kwenye daftari lake.

Naamini mapepo yapo. Nalisema wazi ili mtu asinisome kama mpinga imani. Yesu aliyakemea, mitume waliyakemea, na mimi sina ujanja wa kuziruka kurasa hizo. Malalamiko yangu yanaanza siku ya pili.

Jumamosi mwalimu alikuwa mwingine, na somo liliitwa sababu 21 za mtu kuingiwa na mapepo. Ziliandikwa ubaoni moja moja: laana ya ukoo, jina ulilorithi, zawadi uliyopokea, chakula cha msibani, ndoto ya kuogelea, kuzaliwa mahali penye mizimu. Kila sababu ilikuwa na andiko pembeni. Mimi nina tabia ya kufungua, basi nikawa nafungua. Mengi ya maandiko yale hayakuwa yanazungumzia mapepo hata kidogo. Kwa laana ya ukoo waliandika Kutoka 20:5, maovu ya baba kupatilizwa hata kizazi cha tatu na cha nne. Ni kweli imeandikwa, ila mstari wa sita unaofuata unataja rehema kwa maelfu, na huo haukusomwa. Ezekieli 18:20 nayo haikusomwa: "Mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Wala Yohana 9, pale wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, na Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake."

Nimerudia Injili zote nne tangu siku ile, jioni baada ya kazi, nikiweka alama kwa chaki ya kitambaa kila palipo na pepo. Nilichokiona ni hiki: karibu kila mahali Biblia inatuambia mtu alikuwa na pepo na inatuonyesha alivyotolewa, lakini haisemi aliingiaje. Mariamu Magdalene alitokwa na pepo saba, na sababu haikutajwa. Binti wa yule mama Mkanaani, haikutajwa. Mtu wa makaburini, haikutajwa. Yule kijana wa Marko 9, ambaye ndiye huyo wa kifafa wa Mathayo 17, ndiye pekee ambaye Yesu anauliza chochote kuhusu mwanzo wake, na swali lenyewe ni moja: "Amepatwa na haya tangu lini?" Baba anajibu, "Tangu utoto." Basi. Yesu hakuuliza bibi yako alikuwa nani, wala mtoto alipewa jina la nani.

Mahali Biblia inapokaribia sababu papo, na ni haki niyataje. Sauli aliasi, Roho ya Bwana ikamwacha, roho mbaya ikamsumbua, na baadaye wivu juu ya Daudi ukamla. Yuda alikuwa mwizi wa mfuko kabla Shetani hajamwingia. Paulo anawaambia Waefeso jua lisichwe wangali na hasira, wasimpe Ibilisi nafasi. Mathayo 12 inasema habari za roho iliyotoka kwa mtu, ikarudi na kukuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, ikaleta wengine saba. Na Kumbukumbu la Torati 18 inakataza uaguzi na kubashiri. Hapo mwalimu alisema kweli na nilimpigia makofi, kwa sababu sisi wenyewe tulimpeleka mtoto kwa waganga wawili, akachanjwa kifuani, tukauza mbuzi, na kifafa kikabaki pale pale.

Lakini ndoto ya kuogelea? Sikuipata. Chakula cha msibani? Paulo anaonya juu ya meza ya mashetani katika 1 Wakorintho 10, akimaanisha sadaka zilizotolewa kwa sanamu. Wali na maharage ya msiba wa jirani sijui vimeingiaje humo.

Mwisho wa somo tuligawiwa fomu, shilingi 2,000. Maswali yalikuwa ya ukoo: nani alikuwa mganga, nani alikufa ghafla, nani ana mali isiyoeleweka, nani anapenda kukupikia. Mdogo wangu aliijaza mwenyewe. Kwenye swali la mwisho aliandika "mama".

Jumapili ilikuwa siku ya kuonana na mtumishi ana kwa ana, shilingi 20,000, na chupa ya mafuta ya upako yenye ujazo kama wa dawa ya kikohozi, 10,000. Mathayo 10:8, mstari ule ule unaotuma wanafunzi kutoa pepo, unamalizia kwa "mmepata bure, toeni bure." Mtu akiniambia turubai linakodishwa na vyombo vinakula umeme, namwelewa, na sadaka nilitoa. Ila kuonana kuliwekewa bei na mafuta yakawekewa bei. Nilikumbuka yule kijakazi wa Filipi katika Matendo 16: alikuwa na pepo wa uaguzi, na mabwana zake walipata faida nyingi kwake. Paulo alipomtoa pepo, wao walichokiona ni kwamba tumaini lao la faida limepotea, wakamburuta Paulo hadi sokoni kwa wakuu wa mji. Andiko hilo ningependa lisomwe kwenye kila semina, kabla ya kitu kingine.

Mle ndani nilikatazwa kuingia. Mdogo wangu alikaa dakika kama kumi na tano, akatoka hanitazami usoni. Alikuwa ameambiwa mambo mawili. Kwanza, kwamba dawa ni kukosa imani, aache. Pili, kwamba mama ndiye aliyemtoa kafara, kwamba alipoungua siku ile mama hakwenda kuchota maji.

Lile la kwanza lilitupeleka hospitali. Alitupa vidonge vyake vya fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, chooni bila kuniambia. Usiku wa nne nilisikia kitanda kinagonga ukuta. Amezoea kuanguka mara moja, dakika mbili, kisha analala. Usiku ule kilimwachia, kabla hajapata fahamu kikamshika tena, na tena. Nilimlaza ubavu, nikamwekea kanga chini ya kichwa, nikahesabu kwa simu mpaka bodaboda wawili wakaja kunisaidia kumpakia kwenye bajaji. Daktari wa zamu aliniuliza jambo moja tu, ameacha dawa? Akanieleza kwamba dawa ile ikikatwa ghafla, mwili ulioizoea hurudishiwa degedege mfululizo, na degedege ya namna hiyo inaua. Siku hizo nne hakuna aliyetufafanulia. Kama mtumishi anamwombea mtu mwenye kifafa, hilo ni la lazima kulijua, kama fundi anavyojua umeme kabla hajafungua kifuniko.

Na sababu ya kifafa cha kwetu inatafutwa na watu wengine pia. Mahenge tulikuwa na daktari, Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, ambaye tangu miaka ya 1960 aliwatibu wenye kifafa waliokuwa wamefichwa majumbani, na wazee bado wanaisimulia kliniki yake. Watafiti waliofuata wamekihusisha kifafa cha milimani kwetu na usubi, ugonjwa unaoenezwa na wadudu wanaouma watu kando ya mito yenye maji ya kasi. Kingatiba ya usubi hugawiwa vijijini. Mama yangu alikuwa anachota maji kwenye mto kama huo. Hakuna mtu aliyemtoa mtoto.

Mtu ataniuliza, mbona kijana wa Marko 9 anaitwa mwenye pepo na Mathayo anamwita mwenye kifafa? Ni kweli, kwa kijana yule vyote viwili vimeandikwa. Lakini Mathayo huyo huyo, sura ya 4 mstari wa 24, anawapanga walioletwa kwa Yesu: "wenye pepo, wenye kifafa, na wenye kupooza". Ametenga. Angekuwa anaona kila kifafa ni pepo asingewataja mara mbili. Ninaomba kila mwalimu wa somo hili asome mstari huo kwa sauti mbele ya watu. Kanisani kwangu, Katoliki, padre haruhusiwi kumpunga mtu pepo bila ruhusa maalumu ya askofu, ipo kwenye kanuni ya 1172. Zamani niliona ni urasimu. Sasa naiona kama mkono unaomzuia mtu kukimbilia kusema asichokijua.

Lile la pili, la mama, ndilo lililochukua muda. Dawa alirudi kuzimeza baada ya wiki. Simu ya mama hakupokea kwa miezi miwili. Mama akinipigia ananiuliza, "Mwenzio nimemkosea nini?" nami nabaki na simu sikioni. Nilimwambia mdogo wangu mara nyingi kwamba ni uongo, hakusikia. Jioni moja nikamfungulia Luka 9:42 asome mwenyewe. Ni kijana yule yule wa kifafa, lakini Luka ana maneno ambayo Marko na Mathayo hawana: Yesu alimkemea pepo, akamponya mtoto, akamrudishia baba yake. Nikamfungulia na Marko 5:19, mtu wa makaburini anaomba afuatane na Yesu, anakataliwa: "Enenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu." Alisoma, akafunga, akaniambia, "Wao walinitoa kwa watu wa kwetu."

Kwa hiyo, tathmini yangu. Mafundisho ya Ijumaa, nampa yule mzee alama zote, na kama angekuwa na darasa peke yake ningekwenda kila wiki. Mapokezi, mazuri. Somo la Jumamosi, simpendekezei mtu, labda uende na Biblia yako na kalamu. Huduma ya Jumapili ya chumbani, hapana kabisa, hasa kama mgonjwa anaingia peke yake. Ukiwa umeshaamua kwenda, ingia naye, beba kadi ya kliniki, na mtu akitamka neno "acha dawa" nyanyuka muondoke. Akitaja jina la ndugu yako kama mhusika, nyanyuka pia.

Wiki iliyopita tulipanda basi la Ifakara, tukavuka Kilombero, tukaupanda mlima hadi nyumbani. Mama alikuwa jikoni. Mdogo wangu aliweka begi chini, akaenda kuketi kwenye kigoda karibu na mafiga, upande ule ule. Mama akasogeza kuni za moto mbali naye kwa mguu, kama alivyofanya miaka yote, akamuuliza, "Dawa umemeza?"