Ukikarabati apatimenti yako Dodoma, vyombo uviweke wapi?

"Dada, siku kumi tu unarudi ndani," fundi wangu wa dari aliniahidi. Zikawa wiki saba. Marumaru zilipungua boksi mbili tukazisubiri kutoka Dar es Salaam, fundi umeme akapata msiba kwao, kisha rangi ya sebuleni ikabidi irudiwe. Vyombo vyangu vilikuwa kwenye fremu ya duka niliyoiomba kwa mwezi mmoja, na ulipoisha mwenye fremu alikuwa na mpangaji mwingine mlangoni. Nikaita tena kirikuu, nikahamisha upya, na kioo cha kabati kikavunjika njiani.

Kwa hiyo chaguo hizi nimezipanga kwa swali moja kuu: ukarabati ukichelewa, mwezi wa pili na wa tatu utakugharimu nini? Bei ya mwezi wa kwanza karibu kila mtu anaimudu. Swali la pili ni la mji wenyewe. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni jua, na kuanzia Juni hivi upepo unaingia na vumbi lake. Chini ya sakafu kuna mchwa mwaka mzima.

1. Chumba cha uani, mtaani kwako

Hiki ndicho ninachokipendekeza kwa wengi. Si chumba cha kuishi, ni chumba kisichotumika: kibanda cha uani, stoo, au gereji ya mtu asiye na gari. Kisasa, Ilazo, Area C na Nkuhungu nyumba za namna hiyo zipo, ila hazibandikwi tangazo. Muulize mama mwenye genge, mlinzi wa jirani na mjumbe. Dalali mwache awe wa mwisho, kwa sababu udalali wa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Kwa chumba cha miezi miwili, hiyo ni nusu ya kodi yote juu ya kodi yenyewe.

Mwenye nyumba ataanza kwa kutaka kodi ya miezi mitatu au sita. Mweleze wazi kwamba hakuna atakayelala humo. Hutumii maji, hupiki, huna wageni, na choo chake hukigusi. Wengi wakielewa hilo wanakubali kulipwa mwezi kwa mwezi. Kisha andikeni, hata kama ni karatasi ya daftari: tarehe, kodi ya mwezi wa pili na wa tatu, nani ana ufunguo, na orodha ya vyombo. Piga picha kila kitu mbele yake, mjumbe aweke sahihi. Kufuli iwe yako.

Kabla ya kulipa, ingia mchana ukiwa na tochi. Tazama dari kama ina madoa ya maji. Fuatilia kona za ukuta na fremu ya mlango: ukiona vijia vya udongo vilivyopanda kama mishipa, hao ni mchwa, ondoka. Chumba cha mita 3 kwa 3, ukipanga vyombo hadi kimo cha mita 2, kinakupa mita za ujazo 18. Kwa apatimenti ya vyumba viwili iliyopangwa kwa akili, mara nyingi panatosha. Weka paleti chini, na acha upana wa kiganja kati ya vyombo na ukuta ili uone mapema kama kuna mdudu.

Angalia pia kalenda. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na mji hujaa wageni wanaotafuta pa kulala. Wanafunzi wa UDOM wakifungua chuo, vyumba vya Ng'ong'ona na Iyumbu vinagombaniwa. Tafuta kabla ya misimu hiyo.

2. Chumba kimoja ndani ya nyumba yako

Kama kazi ni rangi, jiko au marumaru za choo, usihame. Jaza chumba kimoja, maliza vingine, kisha geuza. Mwezi wa ziada haukugharimu kodi yoyote, ingawa fundi atafanya kazi taratibu zaidi na atakutoza kwa hilo.

Lakini kama unabadilisha dari nzima kwa jipsamu na kupiga skimu kuta zote, chaguo hili lifute. Vumbi la msasa ni laini kama unga wa muhogo, linapita chini ya mlango na kukaa ndani ya friji na nyuma ya televisheni. Na usijaribu kupanga makochi koridoni. Kwenye majengo yanayosimamiwa na sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, koridoni na ngazini ni mali ya wote. Moto ukizuka, hiyo ndiyo njia yenu ya kutokea.

3. Kwa ndugu

Peleka vichache vya thamani, si nyumba nzima. Wiki mbili za makochi yako sebuleni kwa shemeji zinavumilika. Mwezi wa tatu hakuna atakayesema neno, na ukimya huo ni mzito kuliko kodi. Hati na vyeti kaa navyo mwenyewe.

4. Kontena

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6 na ujazo wa mita 33 hivi. Linafungika vizuri, na mwezi wa ziada hauna usumbufu. Tatizo la mtu wa ghorofani ni pa kuliweka, na gari la kulishusha na kulinyanyua unalilipia mara mbili. Kama una kiwanja Nzuguni au Mtumba, fikiria. Ila chuma kwenye jua la Dodoma kinageuka tanuri, na usiku wa Juni kikipoa, unyevu ulionaswa ndani unatoa jasho kwenye dari ya kontena na kudondokea magodoro. Liweke kivulini, matundu ya hewa yasizibwe.

5. Fremu ya duka

Wenye fremu wanataka mpangaji wa mwaka. Mlango unatazama barabara, kila anayepita anaona unachoshusha. Yangu nimekwisha kuyasimulia.

6. Godauni la nafaka

Bei inavutia, hasa upande wa Kizota, lakini nakusihi usifanye hivyo. Mahindi na alizeti vinaita panya. Dumuzi anayekula mahindi anatoboa pia mbao. Baya zaidi ni vidonge vya kufukizia: vinatoa gesi ya fosfini, inayoua watu, na inayokula shaba. Nyaya na sakiti za friji au televisheni zinaweza kuharibika bila alama yoyote nje. Kama ni lazima, pata godauni la bidhaa kavu lisilowahi kufukizwa.

Popote utakapochagua, friji izimwe siku moja kabla, ikaushwe, isafiri wima na ihifadhiwe mlango ukiwa wazi kidogo. Mtungi wa gesi usiufungie chumbani wala kontenani. Kama una bima ya vyombo, wapigie bima kabla ya kuhama, maana kinga nyingi zimeandikwa kwa anwani moja.

Na siku ya kurudi, usiite kirikuu kwa sababu fundi amesema amemaliza. Piga deki, lala usiku mmoja, piga deki tena. Maji ya deki ya pili yakibaki meupe kwa vumbi la jipsamu, vyombo vingoje.